Mkono Chini ya Kiti

Mteja akiniletea gari, namuuliza maswali matatu: kimemwagika nini, lini, na umeshajaribu kukitoa kwa kitu gani. Watu hudanganya kwenye la kwanza. Mlevi husema ni soda. Mwenye mbwa husema hajawahi kufuga mbwa. Nimeshazoea, ndiyo maana huwa nanusa kwanza kabla ya kuwasha mashine.

Siku ile sikunusa. Mteja alikuwa wifi yangu, na nilitaka kumalizana naye haraka.

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, mvua imeanza kudondoka. Jumatatu yake nilikuwa naanza kazi kwenye yadi ya kampuni ya kukodisha magari, vile vibasi vya kubeba watalii na wasafiri wa mikutano. Magari thelathini, yanasafishwa ndani kwa zamu, mwaka mzima. Nina stashahada ya ugavi ambayo imelala kwenye bahasha kabatini tangu mtoto wangu wa kwanza akiwa ananyonya, na nina mashine ambayo kwa miaka sita imekula vumbi la gari mojamoja nyuma ya nyumba yangu. Kazi hii niliiomba mara tatu. Msimamizi wa yadi alinipa sharti moja tu: "Saa kumi na mbili asubuhi uwe getini. Ukikosa siku mbili, mama, namwita mwingine. Sitakupigia hata simu." Nikamwambia mimi si mtu wa kupigiwa simu.

Wifi ni dada mdogo wa mume wangu. Ndiye anayekaa na mama yao, ng'ambo ya pili ya mji. Aliingiza gari chini ya banda langu la mabati, akashuka, akanikumbatia kwa upande mmoja kama anayeogopa kuchafuka.

"Wifi, umenenepa."

"Na wewe umekonda. Kimemwagika nini?"

"Chai. Chai ya maziwa. Kiti cha nyuma, na imeshuka kwenye zulia."

"Lini?"

"Juzi."

"Umepaka nini?"

"Sijapaka kitu. Ningepaka nini na wewe upo?"

Akaniomba aingie ndani mara moja kwenda chooni. Alikaa huko muda mrefu kidogo, nami nilikuwa bandani napasha maji, sikuwa na sababu ya kumhesabia dakika. Aliporudi mvua ilikuwa imekolea na upepo unaisukuma bandani kwa ubavu. Tukafunga milango yote ya gari, mimi nyuma, yeye mbele kwenye usukani, mpira wa mashine umepitishwa kwenye dirisha lililoachwa wazi kwa upana wa ngumi. Ili kupandisha vioo vingine aliwasha ufunguo. Akauacha umewashwa.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na silitupi kwa mtu mwingine. Sheria yangu ya kwanza ni kwamba gari likiwa linasafishwa, ufunguo unakaa mfukoni mwa ovaroli yangu. Viti vya siku hizi vina mota na nyaya chini yake, na maji na nyaya havijawahi kuwa ndugu. Ningekuwa na mteja wa kawaida ningesema, "Lete ufunguo." Kwa wifi nikaona nikisema hivyo ataanza, eti simwamini na gari lake mwenyewe. Nikanyamaza kwa ajili ya amani. Amani ya mawifi huwa na gharama zake.

Mashine yangu ina matangi mawili. Moja la maji ya moto na sabuni, jingine la maji machafu. Unashika mdomo wake, unabonyeza kitufe kwa kidole, maji yanarushwa ndani ya kitambaa, na mdomo huohuo unayavuta yakiwa na uchafu. Anayejua kazi huvuta mara mbili kwa kila alichorusha mara moja. Mwenye pupa hurusha tu, sponji inalowa mpaka chini, na keshokutwa doa linapanda juu kumsalimia.

Nikarusha mara ya kwanza. Nikavuta. Nikarusha tena.

Harufu ilipanda kama mtu aliyeamshwa.

Chai ya maziwa inanuka uchachu. Hii haikuwa chai. Ulikuwa mkojo, na haukuwa wa juzi. Mkojo uliokauka ukiupiga maji ya moto unafufuka wote kwa pamoja, wa mwaka huu na wa mwaka jana. Dawa yake ni maji baridi na siki, polepole, na moto uje mwisho kabisa. Kila mtu wa kazi hii analijua hilo, na kila mtu wa kazi hii anategemea mteja aseme kweli.

"Wifi," nikasema, "chai yenu huko mnachemshia wapi?"

Nilimwona kwenye kioo cha kati. Alikuwa anatazama mvua.

"Nani amekojoa hapa?"

"Fanya kazi yako, wifi. Nitakuambia."

Nikazima moto wa tangi. Kwa kuwa nilishalowesha, ilinibidi nivute kila tone kabla halijazama zaidi. Maji yalikuwa yameteremka kwenye zulia na kuingia chini ya kiti cha mbele, upande wa abiria. Nikapiga magoti kwenye nafasi ya miguu, nikalala ubavu, nikachomeka mdomo mdogo wa mashine na mkono wangu wa kulia chini ya kile kiti mpaka kwenye kiwiko. Sikuona nilichokuwa nagusa. Niliona tu mpira ukitetemeka na maji ya rangi ya kahawia yakipita.

Kiti kikalia. Sauti ndogo, kama mtu anayesaga meno. Kisha kikaanza kurudi nyuma.

"Zuia! Usibonyeze hicho!"

"Sijagusa kitu," akasema, na mikono yake yote miwili ilikuwa juu, kama mtu aliyeonyeshwa bunduki.

Kiti kilirudi mpaka chuma chake cha chini kikaubana mkono wangu, juu kidogo ya kifundo, kwenye reli yake ya sakafuni. Kikaendelea kusukuma. Nilisikia kitu kikiachia ndani ya mkono, kama kijiti kibichi. Halafu pakatoka harufu ya kuungua, na kiti kikasimama pale pale.

Wifi akajinyoosha, akabonyeza swichi ya kiti mbele, nyuma, mbele. Kimya.

"Zima mashine," nikamwambia. "Waya wa ukutani. Halafu rudi."

Alikwenda, akarudi amelowa, akafunga mlango. Mashine ilipozimika ndipo nikasikia jinsi mvua ilivyokuwa inapiga bati. Ungemwita jirani mpaka koo likauke. Simu yangu ilikuwa dirishani jikoni. Nilikuwa nimelala ubavu, shavu kwenye zulia lenye mkojo wa mtu nisiyemjua, magoti yamekunjwa mpaka kifuani, na nikijaribu kuvuta mkono, moto ulikuwa unapanda mpaka begani.

"Wifi, unalia?"

"Silii, nafikiri. Fyuzi ya kiti imeungua. Chini ya usukani, upande wa goti lako, kuna kifuniko. Kifungue."

"Kwa nini nisiende kuita fundi?"

"Fundi gani atakuja kwenye mvua hii? Kifungue."

Akakifungua kwa kucha. Nikamwelekeza kwa sauti tu: atafute kwenye mchoro wa kifuniko alama ya kiti, aichomoe fyuzi yake, aitazame kwenye mwanga. Akasema uzi wake wa ndani umekatika. Nikamwambia achomoe nyingine ya rangi hiyohiyo, ya redio au ya chochote kisichohusika na uhai wetu. Kisha ashike taulo, ajipinde kutoka mbele, akaushe nyaya za chini ya kiti. Alijipinda. Tulikuwa karibu kiasi kwamba niliona mishipa myekundu ya macho yake. Sikuwahi kumwona karibu hivyo tangu harusi yangu.

"Nimekausha."

"Kausha tena. Yakibaki maji, kiti hakitauliza kinakwenda wapi."

Akakausha tena. Akakaa sawa. Nikamsikia akiishika fyuzi, kile kiplastiki kinachogonga kucha. Nikangoja. Hakuiweka.

"Wifi," akasema, "kabla sijaiweka."

"Weka kwanza."

"Nikiiweka utatoka. Ukitoka hutanisikiliza. Nakujua, utaanza kupanga vitu na kuniambia una kazi."

"Nina kazi kweli."

"Ni mama," akasema. "Ni mama anayekojoa. Mwaka wa pili sasa. Akili anayo, mdomo anao, ila mkojo haumngoji. Kila wiki nampeleka hospitali, kila wiki kiti. Nimeweka nailoni, nimeweka mataulo, nimemwaga manukato mpaka gari likanuka kama saluni. Usiku naamka mara tano, mara saba. Kazi niliacha, hilo unalijua."

"Nilijua kwamba uliacha. Ulisema bosi alikuwa mkorofi."

"Bosi alikuwa mtu mzuri sana."

Mvua ilipiga. Vidole vyangu vilianza kufa ganzi, kimoja kimoja, kuanzia kile kidogo.

"Umemwambia kaka yako?"

"Nimemwambia. Amesema hakuna shida, mama aje kwenu. Amesema wewe huna neno."

"Kaka yako yuko wapi sasa?"

"Njiani."

"Kaka yako tangu nimemjua yuko njiani." Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa. Nyumba yake ni kioo cha mbele. Akisema hakuna shida, maana yake ni kwamba shida hiyo haitapanda lori. "Wifi, Jumatatu naanza yadi. Siku mbili nikikosa, basi. Mimi siwezi kukaa na mama mchana. Watoto wako shule, mume hayupo. Nitamfungia ndani kama kuku?"

"Wiki mbili tu."

"Usiniambie wiki mbili. Wiki mbili za ndugu zinazaa."

"Basi useme mwenyewe ngapi. Lakini useme sasa hivi."

Hapo nikaelewa kwamba alikuwa amenishika. Hakuwa amepanga, wala si mtu mbaya. Lakini mtu ambaye hajalala miaka miwili akiokota kisu njiani hakitupi. Ningeweza kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi. Ndiyo ya aliyebanwa haina uzito, ungeikana ukishasimama wima. Ila mimi nimewalea watoto wangu kwamba neno likitoka limetoka, na sikutaka kuanza uongo nikiwa nimelala chini.

"Siahidi kitu nikiwa huku," nikasema. "Na ukikaa nayo hiyo fyuzi saa nzima, bado siahidi. Nitapoteza mkono, na wewe utapata wagonjwa wawili."

Halafu mimi nikauliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza mwanzo kabisa.

"Mama yuko na nani sasa hivi?"

Nikasikia fyuzi ikigonga usukani.

"Wifi. Nakuuliza."

"Yuko kwako. Nilimshusha barazani kabla sijaleta gari huku bandani, nikamwingiza nilipokwenda chooni. Yuko sebuleni, na begi lake."

Sikupiga kelele. Sikuwa na pumzi ya kupiga kelele. Nilicheka, kwa sababu mimi nilikuwa nimelala pale nabishana kuhusu mlango ambao umeshafungwa. Kuniuzia mbuzi kwenye gunia ningeelewa. Huyu alikuwa ameshamfunga mbuzi uani kwangu kabla ya kunionyesha gunia.

"Weka fyuzi," nikasema.

Safari hii aliiweka. Nadhani alikuwa anaona aibu. Nikamwambia abonyeze mbele kwa kugusa tu, akiona kinarudi nyuma azime ufunguo mara moja. Akagusa. Kiti kikaja nyuma, unywele mmoja, nikaona nyota mchana. Akazima. Akawasha tena, akagusa tena, na kiti kikasogea mbele kikilalamika. Nikauvuta mkono wangu kama kitu cha mtu mwingine.

Sebuleni, mama mkwe alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti cha mbao cha mezani, wala si kwenye kochi. Chini yake alikuwa ametandika mfuko wa nailoni na juu ya mfuko taulo lake mwenyewe, limekunjwa vizuri kwa pembe. Begi lilikuwa miguuni. Huyu ni mwanamke aliyeshonea nusu ya mji sare za shule, na mgongo wake bado ulikuwa umenyooka kama rula yake.

"Kochi lako sikulikalia," akasema kabla sijamsalimia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mkono umefanya nini?"

"Umebanwa na kiti."

Akamtazama binti yake. "Ulisema tunakuja kumsalimia. Nikaona begi, nikajua salamu hiyo ni ndefu."

Tulikwenda zahanati wote watatu, na daktari akasema mfupa mmoja una ufa. Akanipiga plasta mpaka karibu na kiwiko na kuniambia wiki sita. Nikamwuliza kama ninaweza kubonyeza kitu kwa kidole. Akauliza kitu gani. Nikamweleza mashine. Akasema naweza kubonyeza nikitaka mfupa uungane kombo, halafu nirudi kwake auvunje upya. Daktari wa kweli hapotezi maneno.

Tulirudi na lile gari, mama mbele juu ya nailoni yake, mimi nyuma kwenye kiti kilicholowa, wifi kwenye usukani. Nilikuwa nahesabu. Wiki sita, na msimamizi ananipa siku mbili. Ningempigia ningemwambia nini? Kwamba nimebanwa na kiti? Angesema pole mama, na jioni hiyohiyo yule mwingine angekuwa amepimiwa ovaroli. Nilizungusha hesabu ile mara nne, na kila mara ilitokea mlango mmoja tu, nao ulikuwa umekaa mbele yangu, umeshika usukani.

"Wifi," nikasema, "mashine unajua kuishika?"

"Mimi? Sijui."

"Una Jumamosi na Jumapili."

Mama akageuka nusu. "Unampa kazi yako?"

"Namwazima," nikasema.

Tulijifunzia kwenye kiti kilekile. Nilikaa kwenye kigoda bandani, plasta kifuani kama mtoto, nikimfokea. Maji baridi. Siki. Subiri. Vuta, vuta, usirushe, nani kakuambia urushe? Ufunguo uko wapi? Kila baada ya dakika kumi nilimwuliza ufunguo uko wapi, mpaka akaacha kujibu na kuanza kupiga mfuko wake tu. Tulipofungua kitambaa chini niliona sponji yenyewe: duara juu ya duara, za manjano, kama unasoma umri wa mti kwenye gogo. Kila duara safari moja ya hospitali. Nilimwambia hiyo haifuliki, ikatwe tuweke mpya, naye akaikata kwa kisu cha jikoni, akaitupa jalalani kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Lazima niseme kweli: alikuwa na mkono mzuri. Mpole, hana pupa. Mtu aliyezoea kumgeuza mgonjwa usiku bila kumwamsha anajua kuvuta maji.

Jumapili jioni mume wangu alipiga simu. Nikamwambia mama yupo, mkono umevunjika, dada yake kesho anakwenda yadi badala yangu.

"Si nilisema hakuna shida," akasema. "Mmepanga vizuri."

"Una likizo siku ngapi ambazo hujachukua?"

"Mtandao unakatika, mama watoto."

"Haukatiki."

"Tutaongea nikifika."

Jumatatu alfajiri, saa kumi na moja kasoro, wifi alipita kuchukua mashine. Amevaa ovaroli yangu, mikono ameikunja mara mbili. Nilisimama mlangoni na kikombe nikimwangalia akirudisha gari kinyumenyume, taa zikinimulika miguuni, kisha nikaingia ndani kwa sababu mama alikuwa ameita.

Siku ya kwanza mama aliniita mara kumi na moja. Si msumbufu. Hata huwa anaomba radhi, na ndilo jambo linalonichosha zaidi. Kumwinua kwa mkono mmoja kuna ufundi wake: unapitisha bega chini ya kwapa lake, naye anasukuma kwa mguu wa kushoto, tunahesabu tatu. Yeye ananisaidia kunimenyea viazi na kunifunga vifungo. Ukijumlisha, tuna mikono mitatu na kibofu kimoja cha kutegemewa. Hilo yeye ndiye aliyelisema, tukacheka, halafu saa mbili baadaye tukawa hatuna la kucheka.

Wifi alirudi saa kumi na moja jioni. Alikuwa na uso mwingine. Sabuni kwenye nyusi, na macho meupe.

"Magari matatu," akasema, akikaa. "La tatu lilitapikiwa. Nimelitoa lote, hata harufu. Msimamizi ameingiza kichwa chake chote ndani akanusa."

"Akasema nini?"

"Akasema vizuri." Akamimina chai. "Jana usiku nililala, wifi. Nililala saa sita mfululizo. Niliamka nikadhani nimekufa."

"Nimefurahi."

"Ameniuliza kama nitaendelea."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia kazi ni yako. Nimemwambia nitaongea na wewe."

"Ongea."

Akapuliza chai ambayo haikuwa ya moto. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji, kama vyangu vinavyokuwa siku ya kazi.

"Wiki sita zikiisha," nikasema, "ovaroli hiyo inarudi. Ukitaka kazi tutamwomba msimamizi tuwe wawili, na mama atafutiwe mtu wa mchana. Kaka yako ndiye atakayemtafuta."

"Na asipomtafuta?"

Kutoka chumbani mama akaita, mara moja, kwa sauti ya chini, jinsi anavyoita akijua amechelewa. Wifi akaanza kuinuka, mwili tu, kwa mazoea ya miaka miwili. Halafu akakumbuka jinsi ovaroli aliyovaa ilivyojaa uchafu wa matapishi ya watu, akakaa tena, akaniangalia.

Nikaweka kikombe mezani, nikachukua taulo kavu, nikaenda kumwinua mama. Tukahesabu tatu.